Ulizeni Mburu

Kaka yangu Boaz Khamala aliuawa Kawangware mwezi wa kumi na moja mwaka wa tisini na saba, siku ya Jumanne, mchana, watu wakiwa wengi. Hakuuawa na polisi wala majambazi. Waliomuua ni vijana wa rika lake. Walisikia mtu akiita mwizi, wakaokota mawe. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na siku hiyo alikuwa amebeba grinda, mashine ya kukatia chuma, ya tajiri wake kwenye gunia.

Hayo ndiyo tuliyoelezwa. Mvua ya El Niño ilikuwa inanyesha bila kupumzika, na barabara za kwenda kwetu Kimilili zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo tulimzika Lang'ata. Mama alisema udongo ni udongo. Kwa mtu wa kwetu, ambaye huzikwa nyumbani kwao, hayo si maneno ya kawaida, lakini aliyasema, na hakuna aliyembishia.

Sikulia. Watu walinitazama pale makaburini wakingoja nilie. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya mchungaji, vilivyojaa tope jekundu, nikiwaza atavioshea wapi. Tuliporudi Gatwekera, mtaa wetu wa Kibera, nikakuta maji ya mvua yameingia nyumbani, nikachukua karai nikaanza kuyatoa. Nilitoa maji mpaka mikono ikafa ganzi. Baada ya hapo ni kama ganzi ile ilipanda ikanienea mwili mzima, na haikuondoka.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ushonaji kwa Mwalimu Rahab, mama mmoja mrefu aliyekuwa na chumba cha vyerehani huko juu upande wa Olympic. Mwezi wa pili, uchaguzi ukiwa umepita, Mwalimu Rahab na wenzake wawili wa kanisa walianzisha mkutano wa vijana. Vijana wa Kibera na vijana wa Kawangware wangekutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa huko Kawangware, wazungumze juu ya mambo yanayowaua na kuwafunga: mawe, mapanga, polisi tunaowaita karao, kukosa vitambulisho, kukosa kazi. Na mwishoni wangeitwa machifu, D.O., yaani afisa wa tarafa, na wenye ploti za kupangisha, waketi saa nzima wakiwasikiliza vijana bila kufungua mdomo.

"Saa nzima, Mwalimu?" msichana mmoja aliuliza, akacheka. "Wazee wanyamaze?"

"Saa nzima," Mwalimu Rahab alisema. "Wakitaka kujibu, watajibu baadaye. Lakini saa hiyo ni yenu."

Mimi hakuniambia niende. Aliniambia tu kwamba wanakwenda kwa miguu na wanaondoka saa tatu. Nikaenda kwa sababu Jumamosi sikuwa na kitu cha kushona. Tulipanda mpaka Ngong Road, tukapita Dagoretti Corner, tukashika njia ya Kawangware. Wenzangu walikuwa wanapiga hadithi. Mimi nilihesabu nguzo za stima.

Jumamosi tatu nilikaa pale ukumbini bila kusema neno. Hakuna aliyenilazimisha. Aliyekuwa akisema sana ni kijana mmoja wa Kawangware, jina lake Kagiri. Baba yake, mzee Ndungu, alikuwa na ploti mbili za kupangisha, na familia yao ilikuwa hapo tangu Kawangware ikiwa mashamba. Kagiri alijua kuongea. Alisimama na mikono mifukoni akasema mambo ambayo wenzake walikuwa wanayawaza tu.

"Karao akikushika hana haja na jina lako," alisema siku ya kwanza. "Anauliza kitambulisho. Ukimwambia umeomba mwaka mzima hujapewa, anasema basi wewe hujulikani. Sasa mimi nimezaliwa hapo ng'ambo ya barabara. Sijulikani na nani?"

Vijana walimpigia makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu wenzangu walikuwa wanapiga.

Jumamosi ya nne Mwalimu Rahab alibadilisha mambo. "Leo hatutaki ya kusikia," alisema. "Kila mtu aseme jambo moja la fujo aliloliona kwa macho yake. Aliloliona yeye, si la gazeti."

Msichana wa Kambi Muru alisimulia jinsi jirani yao alivyochomewa nyumba kwa ugomvi wa choo. Kijana mwingine akaeleza alivyopigwa na kitako cha bunduki. Kisha Kagiri akasimama. Siku hiyo mikono haikuwa mifukoni.

"Mimi nitasema ya mwaka jana," alisema. "Kulikuwa na jamaa hapo karibu na soko. Amevaa ovaroli ya bluu, amebeba grinda kwa gunia. Mtu akasema hiyo kitu ni ya wizi. Hata sijui ni nani alisema. Na mnajua venye huwa, ukisikia mwizi unakimbia tu, huulizi. Nilifika wakiwa wameshaanza."

"Halafu?" mtu akauliza.

"Halafu akakufa." Akakaa.

Mwalimu Rahab alinitazama. Yeye peke yake pale ndiye aliyejua mimi ni nani. Kwa wengine nilikuwa Phanice wa Gatwekera, yule asiyeongea. Nilihisi nikitazamwa, nikageuza macho. Nikaona kwamba kamba za viatu vya Kagiri hazifanani, moja nyeusi, moja ya kahawia. Nilikaa nikitazama kamba zile mpaka mkutano ukaisha.

Tulipotoka Mwalimu alinishika mkono. "Phanice, mwanangu, sikujua. Naapa sikujua. Si lazima urudi hapa."

"Nitarudi Jumamosi," nikamwambia.

"Unasikiaje?"

"Niko sawa."

Na kweli nilikuwa sawa, kama ukuta ulivyo sawa.

Mama aliuza omena, dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, kwenye meza ya mbao nje ya kanisa dogo la mabati. Nilimkuta anampimia mteja kwa mkebe. Nikasimama kando yake, nikamwambia yote kwa sauti ya kawaida, jinsi ambavyo ningemwambia kwamba maji yamekatika. Hakuacha kupima. Alimfungia mteja omena zake kwenye gazeti, akamwongezea kidogo juu, akaagana naye. Ndipo akaniuliza.

"Anaitwa nani?"

"Kagiri. Baba yake ana ploti huko."

"Ulimwuliza kama Boaz alisema kitu?"

"Sikumwuliza."

"Ungemwuliza," Mama alisema. Akapanga upya rundo lake la omena.

Siku ya kuwaita wakubwa ilikuwa Jumamosi moja katikati ya mwezi wa nne. Vijana sita walichaguliwa kusema. Nilimwendea Mwalimu Rahab siku mbili kabla nikamwambia nataka kuwa mmoja wao. Alikata uzi kwa meno, akaniuliza kama nitamtaja mtu. Nikamwambia hapana. Akaniweka wa tatu. Kagiri alikuwa wa tano, kwa mambo ya vitambulisho na kazi.

Ukumbi ulijaa. D.O. alikuja na askari wawili waliosimama mlangoni. Machifu wawili walikuwa pale, mmoja wa kila upande, na nyuma yao safu mbili za wenye ploti na wafanyabiashara wa Kawangware, wazee wenye makoti na kofia juu ya magoti. Mzee Ndungu alikaa safu ya mbele ya wenye ploti. Mwalimu Rahab alieleza sharti: saa moja, wazee wasikie tu. Baadhi walicheka kwa adabu.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Naitwa Phanice Nafuna, natoka Gatwekera. Mimi ni dada yake yule fundi aliyeuawa karibu na soko hapa mwaka jana, mwezi wa kumi na moja."

Nilisikia kiti kimoja kikisogea upande wa vijana. Sikutazama huko.

"Aliitwa Boaz. Walisema ameiba grinda. Grinda ilikuwa ya tajiri wake, anaitwa Mburu, na karakana ya Mburu iko hapo, ukitoka sokoni ni hatua kama mia mbili. Nimeenda nikazipima kwa miguu yangu. Alikuwa ametumwa akatafute disiki mpya ya kukatia, kwa sababu ya zamani ilikuwa imeisha. Mburu mwenyewe aliniambia alikuwa ndani akinywa chai. Alisikia kelele akadhani ni mambo ya siasa, akafunga mlango. Mtu mmoja angetembea hatua mia mbili, Boaz angekuwa hai. Sina mengine."

Nikakaa. Sauti yangu ilikuwa imetoka kavu, kama mtu anayesoma tangazo la mkutano. Mama mmoja nyuma alikuwa analia. Nilishangaa kidogo kwamba yeye anaweza.

Wa nne akasema mambo ya maji, lakini nadhani hakuna aliyemsikia. Kisha Kagiri akaitwa. Alikuja mbele na karatasi mkononi. Aliitazama, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

"Nilikuwa niseme mambo ya ID," alisema. "Lakini hiyo siku ya fundi, mimi nilikuwepo."

"Kagiri," baba yake alisema kutoka kwenye safu. "Keti chini."

"Mzee, saa yetu haijaisha," Mwalimu Rahab akasema.

"Hapa kwa wenzangu nilisema nilifika wakiwa wameshaanza. Ni ukweli. Lakini sikusema nilifanya nini nilipofika." Kagiri alikuwa anaongea akitazama sakafu. "Nilirusha mawe mawili. La kwanza halikumpata. La pili lilimpata."

Nilimtazama yule kijana, nikangoja chuki ije. Niliingoja kama unavyongoja maji kwenye mfereji uliokauka. Umefungua mpaka mwisho, na unasikia hewa tu inapita. Nilimwona alivyokonda shingo. Niliona shati lake limepigwa pasi vizuri, kola imesimama.

Mzee Ndungu aliinuka, akapita mbele ya D.O. bila kuomba ruhusa, akamkamata mwanawe kwa kola ile, akamtoa nje. Askari mmoja alimtazama D.O. kama anayeuliza, na D.O. akatingisha kichwa kukataa. Dakika zilizobaki hakuna aliyezitumia. Baadaye D.O. alisimama akawashukuru vijana kwa ujasiri wao, akasema serikali imesikia na mambo yote yatafuatiliwa.

Jumatatu Kagiri alitoroka kwao akaja kwa Mwalimu Rahab, na sisi watatu tukaenda kituo cha polisi. Alitaka kuandika taarifa. Askari wa kaunta alimsikiliza, akamwuliza kama amelewa, kisha akaandika. Alitafuta faili ya Boaz kwenye kabati, akatafuta chini ya meza, hakuipata. Alituambia turudi Jumatano. Jumatano tukaambiwa afisa anayehusika yuko kortini. Wiki iliyofuata tukaambiwa amehamishwa. Hakuna aliyetufukuza. Kila mtu alitupa benchi la kukalia na kutuambia tungoje, na kila siku tuliondoka jua likiwa limepinda. Mwalimu Rahab alikuwa anatembea mbele akiongea peke yake kwa hasira. Mimi na Kagiri tulitembea nyuma, hatuzungumzi, mtu angedhani ni ndugu.

Mara ya nne tulipotoka kituoni nikamwambia, "Mama yangu anataka kukuona."

Alisimama. "Anataka kunifanya nini?"

"Anataka kukuuliza kitu."

Tulienda naye mpaka Kisumu Ndogo. Kufika mezani akasimama mbali kidogo, kama mteja asiyejua bei. Nikasema, "Mama, huyu ndiye Kagiri." Mama alijifuta mikono kwenye leso, akavuta kigoda alichokalia yeye, akamwekea.

"Kaa," alimwambia.

Kagiri akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakampanda mpaka kifuani.

"Mimi naitwa Mama Boaz. Mpaka leo wananiita hivyo. Nataka kujua, mwanangu alisema kitu?"

Kagiri alianza kusema samahani. Mama akainua mkono. "Hiyo sijakuuliza."

Watu walikuwa wanapita na sukuma wiki zao, kwaya ya kina mama ilikuwa inafanya mazoezi ndani ya kanisa.

"Alisema, ulizeni Mburu," Kagiri alisema. "Alisema mara mbili. Ulizeni Mburu, ulizeni Mburu. Sisi hatukujua Mburu ni nani. Mwingine akadhani anatutishia na jina la mtu mkubwa, ndiyo wakazidi."

"Hakulia?"

"Hakulia. Alikuwa ameshikilia ile gunia."

"Hakuniita?"

Kagiri alitikisa kichwa, hapana. Mama alitazama mikono yake. Nilidhani atamtukana, au ataanguka. Watu wa kwetu wanajua kuomboleza, na yeye alikuwa bado hajaomboleza sawasawa tangu Lang'ata. Lakini alisema tu, "Alikuwa na akili, Boaz. Aliwaambia la kufanya." Kisha akasema, "Sasa enda. Usirudi hapa mezani kwangu. Sikuchukii, lakini usirudi."

Kagiri aliondoka. Siku chache baadaye tulisikia kwamba baba yake amempeleka Nyahururu kwa shangazi yake, akae huko mpaka maneno yaishe. Sikumwona tena. Kituo cha polisi nacho hakikutuita hata siku moja.

Na ukumbi tulinyimwa. Kamati ya kanisa, ambayo nusu yake ni wenye ploti, ilisema paa linatengenezwa. Tulipita hapo Jumamosi tatu mfululizo, hatukuona fundi juu ya paa. Basi tukaanza kukutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini, kwenye nyasi. Wengine waliacha kuja, hasa wa Kawangware waliokatazwa na wazazi. Mimi sikuacha. Sikuwa na sababu yoyote kubwa, niliizoea tu njia.

Mwezi wa sita, siku ya Alhamisi saa nane hivi, nilikuwa ninafua nguo nje ya nyumba yetu Gatwekera niliposikia mayowe. Mwizi. Neno lenyewe lilikuja likipita juu ya mabati kutoka upande wa mtaroni, na miguu ya watu ikalifuata. Niliacha shuka kwenye beseni. Sikufikiri. Wakiniuliza leo kama nilimkumbuka Boaz, nitasema sikumkumbuka mtu. Nilikwenda tu kama wengine walivyokwenda.

Walikuwa wamemzunguka kijana mmoja, ameanguka ubavu, damu inamtoka sikioni. Redio ya Mama Elvis, jirani yetu wa mlango wa tatu, ilikuwa pale chini imepasuka. Mama Elvis mwenyewe alikuwa na ufagio, analia na kupiga kwa wakati mmoja. Nilipenya mpaka katikati nikasimama juu ya yule kijana, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kwa sababu nilikuwa na povu mikononi, nadhani walinishangaa kwanza.

"Wewe, nani anakujua?" nikamwuliza.

Akafunika kichwa kwa mikono.

"Sema haraka. Nani anakujua hapa Kibera?"

"Shangazi," alisema. "Kambi Muru. Anaitwa Rispa, anauza mandazi. Mimi ni Murunga."

"Kuna mtu akaite Rispa wa mandazi, Kambi Muru," nikasema. "Tumuulize."

"Toka hapo, Phanice!" Mama Elvis alipiga kelele. "Redio yangu si hiyo unaiona? Unamwuliza nani nini?"

Wavulana wawili wa kundi letu la Jumamosi walikuwa wamefika. Mmoja akakimbia kumwita shangazi. Mwingine akaja akasimama kando yangu. Jiwe likatoka nyuma likanipata begani. Sijui nani alilirusha, na pengine yeye mwenyewe hajui lilimpata nani. Niliinama kidogo, nikasimama tena. Niliendelea kusema tumuulize, tumuulize, mpaka neno lenyewe likapoteza maana kinywani mwangu.

Rispa alifika na aproni yake ya unga. Alimtazama kijana, akatutazama sisi. "Ndiyo, namjua," alisema. "Ni mtoto wa kaka yangu. Na ni mwizi. Blanketi yangu alichukua yeye."

Watu wengine walicheka. Sijui kama ni kicheko kile, au ni kwa sababu shangazi aliketi chini akaweka kichwa cha yule mwizi kwenye mapaja yake akaanza kumfuta damu kwa aproni, lakini hasira ilipungua. Wazee wawili wakasema basi, apelekwe kambi ya chifu. Akapelekwa, akitembea mwenyewe, ameshikwa mikono.

Nyumbani Mama alinikanda bega kwa maji moto na chumvi. Lilikuwa limevimba likawa la bluu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kitu kiliniuma mpaka nikatoa machozi. Hayakuwa mengi. Mama hakusema nilie wala ninyamaze. Mama Elvis alipita mlangoni na mtungi wake, akatazama mbele, hakutusalimia. Hakunisalimia mpaka mwezi wa nane.

Jumamosi nilisimulia jambo hilo uwanjani. Kulikuwa na vijana kumi na wanne siku hiyo, wengine wapya. Mmoja wa wale wapya, kijana wa Kawangware mwenye kofia ya sufu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono.

"Lakini manze, kumbe alikuwa mwizi kweli," alisema. "Sasa wewe ulipata nini?"

Kagiri angepata jibu la kupigiwa makofi.

"Sikupata kitu," nikamwambia. "Bega tu. Lakini yuko hai. Ukitaka kumwuliza kwa nini aliiba, unaweza kwenda ukamwuliza mwenyewe."

Akanitazama kama anayengoja niongeze. Mwalimu Rahab akaangalia saa yake, akamwita anayefuata.